Rimoti ya Usukani Otomatiki: Maji, Mawimbi ya Redio na Kimya

Usukani otomatiki ni mtambo unaoshika uelekeo wa chombo cha majini badala ya mkono wa nahodha, na kwa kawaida huwa na sehemu tatu: dira ya kielektroniki inayopima omo inatazama wapi, kompyuta ndogo inayolinganisha uelekeo huo na ule uliokusudiwa, na mota au pampu ya haidroliki inayosogeza usukani mpaka tofauti iishe. Mitumbwi mingi ya uvuvi inayotoka Nkome, Chato na mialo mingine ya mkoa wa Geita haina mtambo huo, kwa kuwa huongozwa na mtu aliyekaa tezi akishika mpini wa injini. Hata hivyo zipo kazi ziwani ambazo mkono wa binadamu huzichoka haraka. Uchunguzi wa wingi wa samaki kwa mawimbi ya sauti, unaoratibiwa na LVFO, taasisi ya uvuvi ya Ziwa Victoria yenye makao makuu Jinja nchini Uganda, hutaka boti ifuate mstari ulionyooka kwa mwendo usiobadilika kwa saa nyingi, kwenye ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mtaalamu anayetazama skrini ya vipimo, au mvuvi aliye peke yake anayehitaji mikono yote miwili kwa nyavu zake, hunufaika akiweza kurekebisha uelekeo bila kurudi kwenye usukani, na hapo ndipo rimoti isiyo na waya inapohitajika.

Nadharia ya mtambo wenyewe ni ya zamani. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Marekani, alichapisha uchambuzi wa jinsi chombo kinavyoweza kujiongoza, akieleza kwamba msukani hodari hatazami kosa la wakati huo tu, bali huzingatia pia kosa lililodumu kwa muda na kasi ambayo kosa linabadilika. Kanuni hiyo ya mambo matatu, iliyojaribiwa katika manowari ya Marekani USS New Mexico, ndiyo ingali ndani ya mitambo mingi ya leo. Rimoti haihusiki na hesabu hizo hata kidogo: kazi yake ni kutuma amri chache, kama vile kugeuza chombo digrii 1 au 10 kulia ama kushoto, kuuwasha mtambo, na kuuachisha usukani ili binadamu aushike. Uchache huo wa amri ni neema kwa mbunifu, kwa sababu kila kitufe ni mlango mwingine ambao maji yanaweza kuutumia.

Uwezo wa kifaa kuzuia maji hutajwa kwa alama za kimataifa za IP, ambapo tarakimu ya kwanza huhusu vumbi na ya pili huhusu maji. IP67 humaanisha kwamba vumbi haliingii kabisa, na kwamba kifaa hustahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Alama hiyo huwapotosha wengi, kwa kuwa kipimo chake hakizingatii sawasawa hali ya rimoti iliyoachwa juani kwenye sakafu ya mtumbwi kisha ikateleza majini. Hewa iliyofungiwa ndani ya kasha lenye joto la nyuzi 55 za Selsiasi, ikipozwa ghafla na maji ya nyuzi 25, hupoteza takribani asilimia 9 ya kani yake ya mgandamizo. Juu ya ziwa hili, lililo mita zipatazo 1,134 kutoka usawa wa bahari, upungufu huo unalingana na uzito wa maji ya kina cha sentimita 80 hivi. Kwa maneno mengine, rimoti inayoelea juu ya maji, bila kuzama hata kidogo, hunyonya maji kwa nguvu ileile ambayo ingesukumiwa maji kama ingekuwa imezamishwa sentimita 80, na ikizama kweli nguvu hizo mbili hujumlishwa.

Kwa hiyo jaribio la kuiweka rimoti baridi ndani ya ndoo halithibitishi jambo la maana. Fundi wa vifaa vya elektroniki wa Ngokolo, kata ya Manispaa ya Shinyanga isiyopakana na ziwa, anaweza kufanya jaribio lililo bora bila maabara: kuliacha kasha juani mpaka lipate joto hasa, kulitumbukiza katika maji huku vitufe vikibonyezwa, na kurudia zoezi hilo mara nyingi, kwa kuwa oringi, yaani pete ya mpira inayoziba kiungo, huonyesha udhaifu wake baada ya kutanuka na kusinyaa mara kwa mara. Karatasi kavu iliyopimwa uzito kabla ya kufungiwa ndani hutoa ushahidi ambao jicho huukosa, maana unyevu kidogo tu huongeza uzito wake.

Uzibaji ulio bora kuliko wote ni kutokuwa na tundu. Kitufe kinaweza kuwa sumaku ndogo iliyo nje ya ukuta wa plastiki, inayosogea na kuamsha swichi ya sumaku iliyo ndani bila waya wala shimo. Betri inaweza kuchajiwa kwa koili mbili zinazopitishiana umeme kupitia ukuta huohuo. Na sakiti yote inaweza kumiminiwa gundi ya epoksi mpaka isibaki nafasi ya hewa ya kunyonya chochote. Gharama ya njia hiyo ni kwamba rimoti ikiharibika haifunguki kutengenezwa, na pale ambapo mafundi wa kutengeneza ni wengi kuliko maduka ya vipuri hasara hiyo si ndogo. Epoksi pia ni nzito kuliko maji, wakati rimoti inapaswa kuelea: yenye ujazo wa sentimita za ujazo 150 ni lazima iwe na uzito chini ya gramu 150, kwa kuwa maji baridi ya ziwa hayabebi vizuri kama maji ya chumvi ya Zanzibar. Kwa sababu hizo, kumiminia epoksi sakiti peke yake na kuacha kasha lifungwe kwa skrubu na oringi ndilo suluhisho linalofaa zaidi mazingira haya.

Upande wa redio, masafa ya megahezi 433 yana wimbi la urefu wa sentimita 69 hivi, na yale ya gigahezi 2.4 yana wimbi la sentimita 12.5. Wimbi fupi huhitaji antena fupi, lakini hufyonzwa kwa urahisi zaidi na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, na rimoti iliyovaliwa kifuani huweza kupoteza mawasiliano mvaaji anapogeuka tu. Masafa yanayochaguliwa ni lazima yawe yale yanayoruhusiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kila ujumbe pia unapaswa kubeba namba ya utambulisho wa jozi na namba ya mfuatano, ili boti kadhaa za dagaa zilizokusanyika karibu usiku zisigeuzane uelekeo.

Swali gumu kuliko yote ni kimya. Rimoti isiyosikika inaweza kuwa imeishiwa betri, au mvaaji amegeuka, au ametumbukia ziwani, na redio za masafa haya hazipenyi mbali majini. Usukani ukichukulia kimya kuwa si kitu, boti huendelea kunyooka na kumwacha nyuma yule aliyeanguka, kwa uaminifu uleule uliosababisha mtambo kununuliwa. Ndiyo maana rimoti inapaswa kutuma ishara fupi ya uhai kila sekunde hata kama hakuna kitufe kilichobonyezwa, na kipokezi chake kilicho kwenye boti kizime injini ishara hizo zikikatika. Boti inayokwenda kilomita 10 kwa saa husafiri mita 2.8 kila sekunde: kusubiri sekunde 10 ni kumwacha mtu karibu mita 28 nyuma, na kusubiri sekunde 2 ni kuizima injini kila wimbi linapomkinga mvaaji, mpaka mvuvi achoke na akate waya wa kipokezi. Muda wa sekunde 4, wenye king'ora kinacholia kuanzia ishara ya pili inayokosekana, humpa aliye salama nafasi ya kuzuia injini isizimwe kwa kubonyeza kitufe kilicho kwenye boti yenyewe, mahali ambapo aliyeanguka hawezi kufika.