Muuzaji Mkubwa Hujiangushia Bei

Wengi wetu tukisikia bei za hisa zimeporomoka hudhani kampuni zimefilisika. Mimi nasema si lazima. Wakati mwingine ni mtu mmoja tu ameuza vingi mno kwa pupa.

Hebu kwanza tuingie sokoni. Una magunia 20 ya viazi na unataka yaishe leo leo. Mama wa kwanza anachukua mawili kwa shilingi 2,000. Wa pili anataka matatu, lakini kwa 1,900. Wa tatu hapiti 1,700. Kila ukiuza, wanunuzi wa bei nzuri wanakwisha, nawe wateremka ngazi. Viazi ni vile vile! Tena jirani yako akiona hivyo anaingiwa na hofu, naye anashusha bei. Ndiyo maana wajuzi huuza kidogo kidogo, kimya kimya, hata kwa siku kadhaa.

Basi sikilizeni yaliyotokea Marekani tarehe 6 Mei 2010. Alasiri hiyo shirika moja la uwekezaji liliamua kuuza mikataba 75,000, ambayo bei yake hufuata hisa za makampuni 500 makubwa. Thamani yake ilikuwa kama dola bilioni 4.1. Kazi ikaachiwa kompyuta, ikaagizwa iuze kiasi cha asilimia 9 ya biashara ya dakika iliyotangulia, bila kujali bei wala muda. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Kompyuta za wafanyabiashara wengine zilinunua, kisha zikaanza kuuziana zenyewe kwa zenyewe, kama watoto wanaorushiana kaa la moto. Soko likaonekana limechangamka, kumbe wanunuzi wa kweli wamekwisha! Nayo ile kompyuta, ikiona biashara imezidi, ikazidi kumwaga. Mzigo wote ukaisha kwa dakika kama 20. Kipimo cha Dow Jones kilishuka karibu pointi 1,000, na hisa nyingine ziliuzwa kwa senti moja. Lahaula!

Dawa yake ilikuwa ndogo ajabu. Soko la Chicago lilisimamisha biashara ya mikataba ile kwa sekunde 5 tu. Wanunuzi wakavuta pumzi, bei zikaanza kupanda.

Lakini muuzaji huyo hakuwa peke yake. Hata tangazo la kuuza, likiwa kubwa, huwatisha wanunuzi kabla chochote hakijauzwa. Mwaka 2015 Marekani ilimshtaki mfanyabiashara mmoja wa London kwamba siku ile ile aliweka maagizo makubwa ya kuuza ambayo hakukusudia kuyatimiza. Mwaka 2016 akakiri makosa.