Kuona Gizani: Darubini ya Usiku au Tochi Nzuri?

Mahindi yako yamebeba. Jioni umepita kati ya mistari, ukapapasa hindi moja moja, ukajua kwamba zimebaki wiki tatu tu. Asubuhi unarudi na kukuta kona nzima imelazwa chini, mahindi yametafunwa nusu na kuachwa, na udongo umefukuliwa kama kwamba umelimwa na mtu mlevi. Nyayo ni za nguruwe mwitu. Hapo unajiapia kwamba usiku wa leo hutalala.

Bwana mkulima, na wewe mama mwenye shamba, ikiwa skimu yenu imepakana na msitu au mbuga, jambo hili si geni kwako. Na siku hizi liko swali ambalo wazee wetu hawakuwa nalo. Kijana wa nyumbani huleta picha katika simu yake, picha ya darubini ya usiku inayofungwa juu ya bunduki, naye husema, "Baba, tukiwa na kitu hiki nguruwe watakwisha." Bei yake, asema, si kubwa sana. Je, yafaa kununua?

Tuanze na sheria, maana wengine wamekwisha jiingiza taabuni kwa kuiacha mwisho. Darubini hizo zimeenea kwa wakulima wa nchi nyingine. Huko Texas, katika Marekani, mwenye shamba huwapiga nguruwe usiku na sheria ya huko humruhusu. Sheria yetu siyo hiyo. Uwindaji ulifungwa katika Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuufungua. Bunduki nayo haishikwi bila cheti. Kwa hiyo darubini ya kufunga juu ya bunduki si chombo cha mkulima wa skimu, hata ikiuzwa kwa bei ya jogoo.

Lakini ziko darubini za namna iyo hiyo za kushika mkononi, zisizohusu bunduki, na kazi yake ni kutazama tu. Hizo zastahili kuelezwa, kwa kuwa wauzaji husema mengi na mnunuzi hujua machache. Na kabla ya kutoa fedha yako, nenda kwanza katika kituo cha polisi ukaulize kama chombo unachotaka kinahitaji ruhusa. Kuuliza ni bure.

Namna ya kwanza hukusanya mwanga mdogo wa nyota na mwezi na kuuongeza mara nyingi ndani ya mrija wa kioo. Picha yake mara nyingi ni ya kijani. Ndiyo ya zamani kuliko zote, ilianza katika mambo ya vita, na ile iliyo nzuri ni ghali mno. Ile ya bei nafuu haioni mbali ikiwa mwezi hauko. Tena ukiiwasha mchana, au ukiielekeza kwenye taa kali, mrija huweza kuharibika, na hapo umenunua chupa tupu.

Namna ya pili ni ya dijitali. Hii ni kamera tu, pamoja na taa ndogo ambayo mwanga wake macho yetu hayauoni lakini kamera huuona. Hiyo ndiyo nafuu ambayo kijana wako ameiona. Bei yake ni kama ya mbuzi wawili au watatu. Ukiitazama dukani, tafuta namba ya taa yake. Ikiwa ni 850, taa huangaza mbali zaidi, ila ukiitazama kwa mbele utaona wekundu kidogo kama kaa la moto. Ikiwa ni 940, wekundu huo hauonekani, lakini mwanga haufiki mbali. Usidanganyike na maneno ya kukuza mara nyingi. Kukuza picha mbaya ni kupata picha mbaya iliyo kubwa. Jaribu chombo gizani kabla ya kulipa, si ndani ya duka lenye taa, na muuzaji akikataa, mwachie chombo chake. Katika ukungu taa hiyo humulika ukungu wenyewe, nawe huoni kitu. Wenzetu wa Kinangop watanielewa.

Namna ya tatu huona joto. Mnyama ana joto kuliko majani, basi huonekana kama doa jeupe, hata pasipo mwanga wowote. Ni chombo cha ajabu, na bei yake hukaribia ile ya ng'ombe wa gredi. Ajabu nyingine ni kwamba hakioni kupitia kioo cha dirisha, kwa hiyo usifikiri utakaa ndani ya nyumba na kulinda shamba kwa raha.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kuona kwamba kuna kitu si sawa na kujua kitu hicho ni nini. Darubini ya joto yaweza kukuonyesha doa mbali sana, mita mia kadhaa, lakini kwa umbali huo doa ni doa. Laweza kuwa nguruwe. Laweza kuwa ndama wa jirani aliyekata kamba. Laweza kuwa mtoto wa jirani huyo huyo, aliyetumwa usiku kumtafuta ndama, naye ameinama chini ya mahindi akimshika. Mkulima mwenye mshale, mkuki au jiwe katika kombeo, akitupa kwa doa, atajuta maisha yake yote.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kwa mkulima wa ekari tano au kumi, fedha ya kwanza iende katika tochi nzuri, nayo hugharimu kama kuku wawili watatu. Tochi hukuonyesha rangi, hukuonyesha nguo, hukuonyesha uso. Pia mnyama huiona na kuogopa. Darubini haimfukuzi mnyama. Humtazama tu akila.

Lakini tochi gani? Nimeona mkulima mmoja akinunua sokoni tochi yenye maandishi makubwa kuliko yenyewe, ya kusema ina nguvu za maelfu. Usiku wa kwanza iliangaza kama mchana. Usiku wa pili, saa nane, huku nguruwe wamekwisha ingia, ilianza kufifia, na aliporudi nyumbani alipapasa njia kwa miguu. Tulifungua betri yake. Ilikuwa ya lithiamu, ya ukubwa ule uitwao 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Juu yake iliandikwa 9,900. Basi jua hili: betri ya ukubwa huo, hata ikiwa njema kabisa, haipiti kama 3,500. Ukiona namba kubwa mno, mtengenezaji amekwisha kuambia kwamba ni mwongo, na mwongo wa betri huwa mwongo wa tochi pia.

Tazama ndani ya kioo. Bakuli la kurudisha mwanga likiwa refu na laini kama kioo cha kujitazamia, mwale huenda mbali. Likiwa fupi au lenye mabonde madogo, mwanga hutawanyika karibu. Wa kwanza wafaa kwa kutazama mpaka wa shamba, wa pili kwa njia na boma. Ukitaka kuona mbali mara mbili haitoshi tochi yenye nguvu mara mbili. Itahitaji nguvu mara nne, maana mwanga hupungua upesi kadiri uendavyo. Kwa hiyo mara nyingi ni afadhali kusogeza dungu lako karibu na mpaka kuliko kununua tochi kubwa. Chagua yenye swichi ya mwanga mdogo na mkubwa, iliyozibwa vizuri isiingie mvua. Betri usiiache juani, wala usiiache ikichajiwa usiku kucha karibu na mto wa kulalia. Iliyovimba usiitumie tena.

Sasa juu ya matumizi. Macho yako yahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mmoja mkali huwaharibia zoezi lote. Basi ukae dunguni tochi imezimwa, simu imefichwa, ukisikiliza. Nguruwe mwitu hutafuna kwa kelele, na nungunungu husugua miiba yake. Ukitaka kutazama saa au kujifunga kamba ya kiatu, tumia mwanga mwekundu hafifu; karatasi nyekundu iliyofungwa juu ya tochi ndogo yatosha. Keti mahali ambapo upepo watoka shambani kuja kwako. Ukisikia kitu, washa mwanga mkubwa kwa ghafula, upitishe polepole, pamoja na makelele ya debe.

Tazama macho. Ng'ombe, mbuzi, mbwa, paka, fisi, chui na paa wana ngozi nyuma ya jicho ambayo hurudisha mwanga, basi utaona mataa mawili. Angalia urefu wake kutoka chini na nafasi iliyo kati yake, utaanza kujua ni nani. Lakini nguruwe hana ngozi hiyo. Na mtu hana pia. Kwa hiyo kitu cheusi kilichoinama katika mahindi, kisichong'aa macho, chaweza kuwa adui wa shamba lako au chaweza kuwa jirani yako. Piga kelele kwanza, uite, "Nani huko?" Nguruwe hatajibu, naye atakimbia. Patana na majirani juu ya ishara, kwa mfano kuzima na kuwasha mara tatu, ili kila mlinzi ajibu. Nendeni wawili wawili. Watoto wasiwekwe dunguni peke yao, hata wakati wa likizo.

Mwanga haumfukuzi kila mnyama. Ndovu, nyati na kiboko si wa kufukuzwa na mtu mmoja na tochi. Wenzetu wa Shimba Hills, walio karibu na hifadhi ya ndovu, wajua hayo bila kufundishwa. Usimkaribie ndovu kwa kumwangaza usoni, na usisimame kati ya kiboko na maji. Ukijua ni hao, rudi, uamshe majirani, na upige simu kwa askari wa KWS. Mahindi hupandwa tena mwaka ujao.

Kwa fisi na simba karibu na boma, taa zinazometameta zimesaidia watu. Kijana wa Kimasai, Richard Turere, akikaa kando ya mbuga ya Nairobi, alitumia betri ya gari, kioo cha sola na kile kifaa cha pikipiki kinachowasha taa za kuonyesha kona, akaifanya balbu ya tochi iwake huku na huku kama kwamba mtu anatembea. Mwaka 2013 aliitwa Marekani kueleza kazi yake. Ila wanyama huzoea. Taa ikikaa mahali pamoja miezi mingi, huijua kuwa ni taa tu, basi uihamishe mara kwa mara.

Jambo moja tena, nalo ni la fedha. Sheria ya mwaka 2013 iliweka kamati za kaunti za kupokea madai ya fidia. Si kila mnyama amo katika orodha, kwa hiyo uliza ofisi ya KWS iliyo karibu. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba mwenye shamba ambaye hakufanya bidii ya kadiri kulilinda hatalipwa kwa mazao yake. Ndiyo sababu ninakuomba uwe na daftari dunguni. Andika tarehe, saa, nani walilinda, mnyama gani alionekana, na mistari mingapi iliharibiwa. Asubuhi piga picha za nyayo kabla watoto na ng'ombe hawajazikanyaga, kisha utoe ripoti siku hiyo hiyo, usingoje mpaka mavuno.

Na ukitoka dunguni alfajiri, mulika njia mbele ya miguu yako mpaka mlangoni. Moma hupenda kulala njiani usiku, naye haondoki akisikia hatua za mtu. Vaa buti, kisha uitundike tochi kwenye msumari ule ule kila siku, betri ikiwa imechajiwa, ili hata mgeni aliyelala kwako aweze kuipata gizani.