Kabla ya kununua gari la masika, inama uangalie chini yake

Iwapo unapanga kununua gari kabla mvua za masika hazijaanza, bila shaka umekwisha kupewa ushauri wa kila aina. Jamaa mmoja atakuambia utafute gari refu lisilosumbuliwa na maji. Mwingine atakuambia utafute linalovuta kwa magurudumu yote manne. Wote wawili wana lao la kusema, lakini mambo yanayowaumiza watu garini wakati wa mvua aghalabu hayaonekani ukiwa umesimama yadini, gari limeoshwa na kung'arishwa: tairi lisiloshika barabara, kioo kilichojaa ukungu, bomba la breki lililoliwa na kutu, na hewa yenye sumu inayopenya ndani bila mtu kuihisi.

Magari mengi yanayouzwa Mombasa ni ya mitumba kutoka Japani, na huteremshwa hapa hapa katika bandari ya Kilindini. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na ni lazima likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Hata hivyo, magari mawili ya muundo mmoja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na maisha tofauti kabisa. Kisiwa cha Hokkaido na mikoa kama Aomori na Niigata hupata theluji nyingi sana. Majira ya baridi yanapofika, barabara za huko hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na maji hayo ya chumvi hulirukia gari chini kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Sisi wa Mombasa chumvi tunaijua. Anayeishi karibu na Ndia Kuu hahitaji kufunzwa jinsi upepo wa bahari unavyokula bawaba za milango na mabati ya paa. Gari lililoanza kuliwa na chumvi ya Japani likija kulala Mji wa Kale, ugonjwa ule ule huendelea, tena kwa kasi kwa sababu ya joto na unyevu.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza bei, omba gari lipandishwe juu gereji, au lipitishwe kwenye shimo la fundi. Fundi awe wako, si wa muuzaji. Atazame chasisi, mabomba membamba ya breki, na bomba la moshi kuanzia kwenye injini hadi nyuma. Kutu nyepesi ya juu juu si neno. Chuma kinachobanduka kama magamba ya samaki, au kilichopakwa rangi nyeusi mbichi juzi juzi, ndicho cha kukutia wasiwasi. Ikiwa muuzaji anayo karatasi ya mnada wa Japani, tazama mchoro wa gari: herufi S huonyesha kutu, na C huonyesha chuma kilicholika.

Sumu isiyo na harufu

Juu ya bomba la moshi naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wengi huliona ni jambo la kelele tu. Injini ya petroli hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu huendelea kuzunguka lakini haibebi oksijeni ya kutosha. Siku ya kiangazi, madirisha yakiwa wazi, bomba lililotoboka huenda lisikudhuru sana. Lakini fikiria foleni ya kungoja feri ya Likoni wakati mvua inanyesha: madirisha yamefungwa, injini inanguruma, gari halisogei, na nyuma wamelala watoto. Hapo tundu dogo kwenye bomba, pamoja na tundu jingine la kutu kwenye sakafu ya gari, vinaweza kuua.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na usingizi usio wa kawaida. Wengi hudhani ni njaa au homa inayoanza. Kinachopaswa kukushtua ni kwamba abiria kadhaa huumwa kwa pamoja, kisha hupata nafuu wakishuka. Zima injini, teremkeni nyote mpate hewa safi. Aliyezimia au kuchanganyikiwa, mja mzito, mtoto mchanga na mgonjwa wa moyo wapelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwe kwamba walikuwa garini. Usipotaja hilo, si rahisi kwake kulikisia.

Matairi ya theluji Mombasa

Jambo la pili ni matairi, na hapa pana kioja. Magari mengine hufika Kilindini yakiwa bado yamevaa matairi ya majira ya baridi. Muuzaji huyasifu kwa sababu yana mifereji mingi na yanaonekana mapya. Ubavuni yana neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mpira wake ni laini makusudi, ili usikakamae baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Katika joto letu la nyuzi 30 mpira huo hulegea, huisha haraka, na ukikanyaga breki kwenye lami iliyolowa gari huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama. Ukilipenda gari lenyewe, linunue, lakini gharama ya matairi manne ya kawaida uiingize katika bei mnayopatana.

Tairi la kawaida nalo lina umri. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 2319, limetengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi juani hukakamaa na kupasuka pasuka hata kama haujatembea. Mifereji ikibaki na kina cha milimita 1.6 tairi limekwisha, lakini kwa mvua zetu usingoje kufika huko. Likifika milimita 3 anza kutafuta jingine. Kazi ya mifereji hiyo ni kusukuma maji kando. Ikiisha, gari huteleza juu ya utando wa maji, na usukani huwa mwepesi mkononi kama umekatika.

Waipa zijaribu kwa maji, si kwa kioo kikavu. Jaribu pia kiyoyozi. Watu hukiona ni anasa, ilhali wakati wa mvua kazi yake kubwa ni kukausha hewa ya ndani ili kioo kisishike ukungu. Gari likinuka uvundo pindi kiyoyozi kinapowashwa, inua zulia la sakafuni uguse chini yake. Unyevu na madoa ya tope huenda vikakuonyesha gari lililowahi kuzama. Kuvu iliyojificha humo ni balaa kwa mwenye pumu, na manukato yanayoning'inizwa kiooni hayaiondoi.

Sasa turudi kwa yule jamaa wa gari refu. Ni kweli kwamba gari lililoinuka hupita dimbwi ambalo dogo litakwama. Hasara yake ni ushujaa linaoutia moyoni mwa dereva. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuelea na magari mengi madogo. Yakifika sentimita 60 hubeba hata gari kubwa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata barabara ya Mombasa na Nairobi, na za Novemba 2023 zikafurika mitaa ya Mombasa. Usipoiona barabara chini ya maji, geuza. Na kabla ya kununua, hakikisha madirisha yote manne yanafunguka upesi, kwani gari likianza kuelea dirishani ndipo pa kutokea, wala usingoje kuhangaika na mlango.

Kwa mkaazi wa Mji wa Kale, mimi ningechagua gari dogo linalokata kona kwa urahisi. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na mvua ikinyesha wapita njia hujibanza ukutani, watoto wakikimbia chini ya mabaraza. Dereva aliyeketi juu sana hamwoni mtoto aliye mbele ya boneti. Breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge, zitakufaa zaidi kuliko kuvuta kwa magurudumu manne, ambako husaidia kuondoka kwenye tope lakini hakusaidii kusimama.

Breki ya mkono ijaribu kwenye mteremko. Wavukaji wa Likoni wanaikumbuka Septemba 29, 2019, gari liliporudi nyuma kutoka kwenye feri na kutumbukia baharini na mama na bintiye mdogo.

Mwishowe, usilipe mpaka uliendeshe gari siku ya mvua. Isiponyesha, mwombe muuzaji mpira wa maji aumwagie kioo na milango kwa dakika kumi, wewe ukiwa umeketi ndani umewasha taa, waipa na kiyoyozi. Akikataa, muage kwa heshima uende yadi ya pili.