Kabla hujauza injini ya mtumbwi kumsomesha mtoto maabara

UKIFIKA mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, asubuhi na mapema, utakuta magunia ya dagaa yakipakiwa kwenye malori ya kwenda Dar es Salaam na nchi jirani. Huwa napita pale mara kwa mara kuulizia bei. Safari moja mwezi Agosti, mama mmoja mfanyabiashara ninayemfahamu hakutaka kabisa habari za bei. Alinivuta pembeni.

"Mwanangu, wewe umesoma," alisema. "Binti yangu kapata chuo, masomo ya maabara ya hospitali. Baba yake anataka tuuze injini. Hebu niambie, hiyo kazi inalipa?"

Injini aliyoisema ni ya mtumbwi unaovua dagaa wakati wa giza la mwezi. Ndiyo inayolisha nyumba nzima. Nikamwambia, "Mama, nipe siku mbili." Makala haya ni jibu nililompelekea, pamoja na mambo niliyoyakumbuka baadaye.

Kwanza, binti anakwenda kusomea nini? Si udaktari, ingawa wazazi wengi hudhani hivyo. Sayansi ya bayomedikali ni elimu ya mwili wa binadamu na magonjwa yake kwa upande wa maabara: damu, vijidudu, seli, kinga ya mwili na chembe za urithi. Daktari anapoandika "apimwe kichocho", anayetazama choo au mkojo kwa darubini na kuyatafuta mayai ya minyoo ni mtu wa fani hii. Kwa sisi wa kandokando ya ziwa hilo si jambo la mbali. Konokono wanaobeba kichocho wako katika ziwa letu na katika majaruba ya mpunga, na watoto wetu wanaoga humo humo.

Wavuvi nao wana sababu yao ya kuiheshimu maabara. Wenye umri mkubwa wanakumbuka Machi 1999, Umoja wa Ulaya ulipowafungia soko samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba kuna watu wanaovua kwa sumu. Kabla ya hapo kulishakuwa na mizozo ya vijidudu na kipindupindu, mwaka 1997 hadi 1998. Bei ya sangara ilianguka na viwanda vikapunguza kazi. Samaki hawakuwa wameharibika wote. Kilichokosekana ni vipimo na mfumo wa ukaguzi ambao mnunuzi wa Ulaya angeuamini. Leo Nyegezi kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki, na kazi inayofanyika humo ni ndugu wa karibu wa hiyo anayokwenda kuisoma binti wa Kirumba.

Mwanza ina historia yake katika sayansi hii. Kati ya 1991 na 1994, watafiti walifuatilia jamii 12 za mkoa huu na kuonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ya tiba iliisoma ripoti ile mwaka 1995. Mwaka 2017 ulianza utafiti mwingine hapa hapa, uliohusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kupima kama dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inatosha. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Nyuma ya kila namba hapo kuna sampuli ya damu na mtu aliyeipima.

Jina la shahada si jambo dogo

Hapa ndipo fedha za wazazi hupotea. Kuna shahada zinazomwezesha mhitimu kusajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya na kutia saini majibu ya mgonjwa. Kuna nyingine zinazofanana nazo kwa jina, ambazo ni za utafiti au ualimu wa vyuo. Zote ni elimu njema, lakini soko lake si moja. Kabla ya kulipa hata senti, uliza chuo swali moja: mwanangu akimaliza, Baraza litamsajili? Kisha liulize Baraza lenyewe.

Mwanza tunacho Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi (CUHAS), kilichoko Bugando, chenye shahada ya sayansi ya maabara za tiba. Muhimbili nako ipo. Ng'ambo ya ziwa, Chuo Kikuu cha Maseno karibu na Kisumu kina shahada yenyewe ya sayansi na teknolojia ya bayomedikali, na Makerere wana ya maabara inayotolewa na chuo chao cha mifugo. Ukivuka mpaka, kumbuka cheti hicho kitahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) nyumbani.

Kwa mwenye mtoto aliye kidato cha nne, jambo la kuamua sasa ni mchepuo. Vyuo vya afya kwa kawaida hutaka Fizikia, Kemia na Biolojia. Aliyekimbia Fizikia akaenda kwenye Jiografia kwa sababu ni rahisi, atakuta milango mingi imefungwa.

Ada haifuati msimu

Wataalamu hupenda kuzungumzia jumla ya ada. Mimi nadhani kwa mkulima tatizo kubwa ni tarehe. Mhula wa kwanza huanza Oktoba au Novemba, na fedha ya pamba na mpunga iliyopatikana katikati ya mwaka bado inaweza kuwepo kama haikuliwa na harusi. Mhula wa pili huangukia Machi au Aprili, wakati ghala tupu, pamba iko shambani na palizi inadai vibarua. Hapo ndipo vitu huuzwa kwa bei ya kutupa.

Nalijua hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili chuoni, marehemu baba aliuza ng'ombe wawili wa kulimia ili nifanye mitihani. Nilifanya, nikafaulu. Msimu uliofuata alilima kwa kukodi jembe la jirani, kwa zamu ya mwisho, na pamba yake ikapandwa mvua zikiwa zimekwenda mbali. Ilimchukua misimu mitatu kurudisha jozi ile. Hakunieleza, nilielezwa na mama.

Kwa hiyo shauri langu kwa mama wa Kirumba lilikuwa kwamba faida ya mtumbwi ilipe ada, mtumbwi wenyewe usiguswe. Injini ikiliwa na mhula wa kwanza, wa pili utalipwa na nini?

Pengo lijazwe na mkopo. Bodi ya Mikopo (HESLB), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, huzipa kozi za afya kipaumbele, na mwenye kaya maskini huangaliwa zaidi. Fomu zinataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Wengi hukwama hapo, si kwenye umaskini. Waliofaulu sana sayansi wana pia ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Mkopo si sadaka. Mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Akipata, tuseme, Sh800,000, Bodi itachukua Sh120,000 kila mwezi kabla hajakutumia wewe hata ya sukari. Mzazi anayehesabu kwamba mtoto atajenga nyumba mwaka wa kwanza ajihesabie upya.

Na ajira? Zipo, lakini haziji kwa foleni. Serikali hutangaza nafasi kwa mafungu, na wahitimu wengi hujitolea hospitalini huku wakisubiri. Miradi ya utafiti hulipa vizuri zaidi, ila mkataba huisha na mradi. Kufungua maabara yako kunaongozwa na sheria ya maabara binafsi ya mwaka 1997. Darubini pekee haitoshi.

Ndiyo maana sioni aibu kupendekeza njia ndefu: stashahada ya maabara kwanza, kazi, kisha shahada kwa fedha yake mwenyewe. Vyuo hupokea wenye stashahada yenye ufaulu mzuri. Anachelewa, lakini analipwa akiwa njiani.

Binti wa Kirumba hakutaka njia ndefu. Alipata mkopo wa sehemu tu, na mama akaanzisha kibubu: kila giza la mwezi, faida ya magunia mawili ya dagaa inakwenda kwenye akaunti ambayo baba hana kadi yake. Machi walipungukiwa, wakauza mbuzi wanne. Injini bado iko majini.