Mvua ya Ugogo na Koti la Kuizuia

Mtu wa Bukoba akisikia kwamba sisi watu wa Dodoma tunaulizana habari za makoti ya mvua, labda atacheka. Kwetu mvua haifiki hata milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote huja kati ya Desemba na Aprili. Waingereza walipokuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, ukame ulikuwa mmoja wa adui waliowashinda, hata kazi yote ikaachwa mwaka 1951. Basi, koti la mvua la nini katika nchi ya namna hii?

Tazama jinsi mvua yetu inavyonyesha, nawe utapata jibu. Si manyunyu ya kutwa. Asubuhi jua ni kali na anga ni jeupe. Saa nane mchana mawingu yamepanda, upepo unasukuma vumbi mbele yake, na mara maji yanamwagwa kama kwa ndoo. Saa moja baadaye kumekwisha. Anayeloa si yule aliyekaa barazani, bali ni yule aliyetoka alfajiri na shati moja mgongoni, kwa kuwa hakuona wingu: mchungaji, mwuza kuku anayekwenda mnadani, mama anayetoka zahanati na mtoto, mrina asali, mwindaji. Mvua huwakuta mwendo wa saa tatu kutoka nyumbani.

Tena kulowa si jambo la kuchekwa tu. Maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa kavu, mara ishirini na zaidi. Mfikirie mtoto wa miaka kumi aliye malishoni. Ni mwembamba, hajala tangu asubuhi, shati lake la pamba limegandamana na mgongo, na upepo unavuma. Kwanza atatetemeka. Kisha ulimi utakuwa mzito, atajikwaa, ataanza kusinzia. Hapo hatari imekwisha kufika, hata kama tuko Dodoma wala si mlimani Kilimanjaro. Mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunike blanketi kavu, na ikiwa anameza vizuri mpe uji wa moto wenye sukari. Asipopata nafuu upesi, mchukue zahanati. Lakini homa na kutetemeka kunakokuja siku kadhaa baadaye, akiwa mkavu nyumbani, ni habari nyingine. Huenda ni malaria, ambayo nayo hupenda majira hayo, naye apimwe.

Wazee wetu walijifunika ngozi, kisha ukaja mgolole. Mgolole ni vazi la heshima, lakini wa pamba ukilowa huwa mzito kama mzigo wa kuni, nao hauna joto tena. Nguo ya sufu ni afadhali, maana hata ikilowa hubakiza joto kidogo. Watoto wengi hutumia gunia, pembe moja imesukumwa ndani ya nyingine likawa kofia na joho pamoja. Usilidharau gunia hilo. Lile lenye mfuko wa nailoni ndani huzuia maji kweli, wala halimgharimu baba kitu. Sharti lake ni moja, lisiwe limewahi kubeba dawa ya kuua wadudu wa shamba, kwa maana maji ya mvua huiyeyusha na kuimwaga mwilini.

Koti lenyewe tunalolijua leo lilianzia Scotland. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hati ya kuweka mpira uliyeyushwa katikati ya vitambaa viwili. Maji hayakupita, lakini koti lilinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, mpaka Charles Goodyear wa Marekani alipopata njia ya kupika mpira pamoja na salfa, akapewa hati yake mwaka 1844. Baadaye ikaja plastiki, na ikaja nailoni.

Sasa ukienda dukani au mnadani utakuta makoti ya namna tatu hivi. Lipo la plastiki nzito, lile wanalolipenda wenye pikipiki. Halipitishi tone, miiba ya migunga hailipasui upesi, na bei yake si mbaya. Ila ni zito, na anayetembea nalo kwa miguu atalowa kwa jasho lake mwenyewe. Lipo lile jepesi mno la plastiki nyembamba, la kuvaa mara moja. Mimi naliita koti la mpaka kichaka cha kwanza. Na lipo la nailoni au poliesta iliyopakwa utando kwa ndani. Hili ndilo la mtu wa miguu. Hukunjwa likawa kama ngumi mbili, likakaa mfukoni kutwa nzima bila kukuchosha, na hilo ni jambo kubwa. Koti zuri sana lililoachwa nyumbani kwa sababu ya uzito wake halikumsaidia mtu.

Wauzaji watakuambia pia habari za vitambaa vya bei kubwa, vyenye vitundu vidogo mno, vinavyozuia tone la maji lakini vikapitisha mvuke wa jasho. Si uongo. Robert Gore wa Marekani aligundua utando wa namna hiyo mwaka 1969. Lakini mvuke hutoka vizuri pale ambapo nje kuna baridi na ukavu kuliko ndani. Katika hewa yetu ya masika, yenye joto na unyevu, faida hiyo hupungua, na tope na mafuta ya mwili huziba vitundu. Kwa maoni yangu, mwenye fedha ya kadiri asiiweke huko. Achague koti pana, lenye nafasi ya kuingiza hewa kwapani na vifungo vya mbele vinavyofunguka, nalo litampoza vya kutosha.

Wengi wetu tutalinunua katika mitumba, na hapa macho yanahitajika. Usitazame rangi kwanza. Ligeuze ndani nje. Ule utando uliopakwa ndani huzeeka: huanza kunata vidoleni, hutoa harufu ya uchachu, kisha hubambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Koti la namna hiyo ni shati tu, hata likiwa linang'aa nje. Tazama mishono, hasa mabegani na kwenye kofia. Iliyo mizuri imebandikwa utepe kwa ndani, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Liinue juani uone kama kuna nuru inayopenya. Kisha kunja sehemu ya bega iwe kama bakuli, omba maji kidogo, uyamwage humo na ungoje dakika chache. Muuza koti zuri hatakasirika. Mwisho livae juu ya nguo zako zote na uinue mikono. Mikono ya koti ikipanda hadi karibu na viwiko, utalowa tu.

Rangi ni juu ya kazi yako. Mtu apitaye kando ya barabara kuu jioni, penye malori, avae njano au nyekundu. Usimvike mtoto koti jeusi, dereva hatamwona katika mvua.

Mwindaji ana shida zake. Nasema juu ya mwindaji mwenye kibali, maana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimjui mwingine, na mapori ya akiba kama Swagaswaga na Mkungunero yana mipaka yake. Wakati wa kiangazi wanyama hukusanyika penye maji. Mvua zikianza, maji yako kila mahali, nao hutawanyika. Kwa hiyo mwindaji hutembea zaidi wakati ule ule anaolowa zaidi. Nailoni ngumu inapokwaruza majani hupiga kelele, na kanga au swala atakuwa amekwisha kusikia kabla hujamwona. Achague kitambaa laini, akikunje ngumini karibu na sikio na kusikiliza kabla ya kununua. Au afanye dawa ya kienyeji. Nta ya nyuki haikosekani kwetu, hasa kwa ndugu wa Manyoni na Kondoa. Koti la marudufu likisuguliwa nta pande zote, kisha likianikwa juani mpaka nta inywewe, huzuia mvua ya saa nzima bila kelele, nalo halichanwi na miiba ovyo. Ni zito kuliko nailoni, nakubali. Ukitaka kuyeyusha nta, weka chombo chake ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke juu ya moto wenyewe, inashika moto kama petroli.

Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, koti la kawaida halifai, maana mtoto hubaki nje. Atafute lile la mtindo wa joho, lisilo na mikono, liwafunike wote wawili, na uso wa mtoto uwe wazi apumue. Joho hilo hilo ni baya kwa mpanda baiskeli. Upepo hulipeperusha, na pindo lake likiingia kwenye gurudumu ataanguka. Mwavuli ni mzuri kwa safari fupi za kijijini, hauna jasho, ila pepo zetu hupindua mbavu zake.

Na koti lisikupe ujasiri usio wako. Halizuii radi: toka chini ya mti ulio peke yake, na usikae mlimani. Halizuii korongo pia. Makorongo ya Mpwapwa na Kondoa huweza kuja na maji mekundu hali mahali uliposimama hapajanyesha hata tone, kwa sababu mvua imepiga vilimani. Maji ya kasi yaliyofika magotini humwangusha mtu mzima, na joho refu humvuta zaidi. Kaa ng'ambo ungoje. Mara nyingi maji hupungua kwa saa chache, na ng'ombe walio upande wa pili hawataondoka na korongo.

Jambo moja linalowapata watu wa huku kuliko wa mahali pengine: koti letu hukaa bila kazi miezi saba. Wengi hulikunja likiwa bichi mwezi wa Aprili, wakalisokomeza sandukuni chini ya bati la moto, na Desemba wanatoa kitu kinachonata. Lioshe kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, bila kulipiga jiweni. Lianike kivulini, kwa maana jua hudhoofisha nailoni, mpaka likauke ndani na nje. Kisha litundike, usilikunje, mbali na moshi wa jikoni na mbali na panya, mifukoni musibaki karanga.