Somo la Leo: Kura na Kalamu

Leo tusome habari za kura katika Tanganyika.

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria ulianza Septemba 1958, ukaisha Februari 1959. Si kila mtu mzima aliyepiga kura. Ilipasa uwe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya shule ya kutosha, au kazi iliyotajwa katika sheria. Fikiri wewe: mkulima wa jembe la mkono angezipata wapi shilingi hizo? Tena ulilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ukimwacha mmoja, kura yako imeharibika.

Wanachama wa TANU walikutana Tabora Januari 1958. Wengi walikasirika, wakataka kuususia uchaguzi huo. Mwalimu Nyerere aliwasihi waingie, nao wakakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuanzisha chama chake. Hasira yake ilikuwa na sababu. Lakini wagombea waliosaidiwa na TANU walishinda.

Basi masharti yakalegezwa. Katika uchaguzi wa 1960 ilitosha kuwa na pato la shilingi 1,500, au kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Naam, kazi hii hii unayojifunza wewe! Asiyejua, tena maskini, alibaki nje mpaka Novemba 1962, watu wazima wote walipoweza kumchagua Rais.

Sasa shika kalamu. Andika: KURA YANGU.