Shahada ya uzamivu ya saikolojia: hesabu ianzie nyumbani

Haja ya wanasaikolojia katika vitongoji kama Kibamba si jambo la kubishaniwa. Wanandoa wanaoelekea talaka, vijana walionaswa na dawa za kulevya, watoto waliofiwa: wote wanahitaji mtu aliyesomea kazi ya kuwasikiliza. Kwa hiyo hufurahi tunaposikia mwalimu au muuguzi, naye ana familia, amenuia kufikia shahada ya uzamivu ya saikolojia. Hata hivyo, nia njema isiyo na hesabu huweza kuielemea nyumba nzima.

Tuanze na muda. Shahada ya kwanza huchukua miaka 3, uzamili takriban 2, na uzamivu 3 au 4 kwa anayesoma muda wote. Jumla ni miaka 8 au 9, na anayesoma huku akifanya kazi hana budi kuongeza. Kisha ipo Barabara ya Morogoro. Mkazi wa Kibamba anayekwenda Mlimani siku 4 kwa juma, akatumia saa 3 kwenda na kurudi, katika majuma 40 huwa ameacha barabarani saa 480, sawa na siku 60 za kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, humpunguzia mtu safari, ila hakimpunguzii usiku wa kuandika.

Ama gharama, ada ndiyo inayoonekana kwa kuwa imeandikwa. Zisizoandikwa ni vibali vya utafiti, wasaidizi wa kukusanya data, nauli za kuwafuata wahojiwa, uchapaji wa tasnifu, na mshahara unaokosekana endapo mwajiri hatoi ruhusa ya masomo yenye malipo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hupeleka sehemu kubwa ya fedha zake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mkopo wa riba, mbali na hukumu yake katika dini, huendelea kukata mshahara hata tasnifu ikikwama. Afadhali kutafuta kwanza ufadhili wa mwajiri, ajira ya uhadhiri msaidizi, au ufadhili wa Jumuiya ya Madola na ule wa Ujerumani wa DAAD.

Lipo pia swali linalotangulia yote: je, kazi unayoikusudia inadai uzamivu? Nchini Marekani, kwa kawaida, mwanasaikolojia wa tiba hapewi leseni bila shahada hiyo. Kwetu hali ni nyingine. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, chenye kampasi Mloganzila, jirani na Kibamba, hufundisha saikolojia ya tiba katika ngazi ya uzamili. Anayetaka kuketi na wagonjwa aanzie hapo. Uzamivu umfae anayekusudia kufundisha chuoni na kufanya utafiti.

Tunawausia wanandoa waketi pamoja kabla fomu haijajazwa. Waandike miaka, fedha, na nani atabeba nini nyumbani. Mume akisoma, nafaka na ada za watoto zitatoka wapi? Mke akisoma, nani atampokea mtoto na kuinjika chungu, ili asirudi darasani akaanza zamu ya pili jikoni? Wakikubaliana kwa maandishi, kila mmoja atajua alichoridhia, na mwaka wa tano, ambao huwa mgumu, inshaallah hautawakuta wakilaumiana.